Mwali Mtihanini

Naandika polepole. Tangu nilipoanza shule mkono wangu haujawahi kuifikia akili yangu. Akili hutangulia, mkono hufuata nyuma kama mtoto anayevutwa sokoni na mama mwenye haraka. Sasa nina miaka kumi na tisa, na hata ukurasa huu umenichukua asubuhi nzima. Nimeona niseme hilo kwanza, kwa sababu habari ninayotaka kuieleza ni ya mtihani, na mtihani una saa yake.

Tulikaa Temeke, katika nyumba ya udongo na makuti. Sisi ni Wazaramo, watu wa hapa hapa. Baba alikuwa kuli bandarini, akitoka na baiskeli yake alfajiri na kurudi jua linapozama. Mama alisuka mikeka na majamvi. Shule yetu ya wasichana haikuwa mbali, nayo ilikuwa na vyumba viwili na madarasa manne. Ng'ambo ya barabara ilikuwa shule ya wavulana, yenye madarasa sita na uwanja wa mpira. Mvulana akifaulu la nne alibaki palepale, akahamia chumba cha pili. Msichana alifanya mtihani uleule, lakini kwake ilikuwa ama achaguliwe, mmoja au wawili kati ya wengi, kwenda shule ya bweni ya mbali, ama arudi nyumbani. Hatukuliona jambo hilo kuwa la ajabu. Ilikuwa kama vile mvua inavyonyesha.

Aliyeliona la ajabu ni mwalimu wetu. Alikuwa amekuja mwaka ule kutoka bara, Mkristo, hajaolewa, akapanga chumba peke yake mtaani kwetu, na kwa hilo watu walimsema vya kutosha. Alitembea na mwavuli mweusi hata siku isiyo na jua wala mvua. Alasiri, katika ua wa nyumba aliyopanga, aliwafundisha kina mama kusoma. Kila mmoja alikuja na kigoda chake kichwani. Asubuhi alitufundisha sisi, na siku moja alisimama mlangoni akatazama ng'ambo, akauliza, "Nyie, kwa nini kule kuna darasa la tano na hapa hakuna?" Tulitazama miguu yetu. Mimi hata ningekuwa na jibu nisingelitoa. Nilikuwa na haya mno. Darasani nilijibu nilipoitwa kwa jina tu.

Wenzangu walipoucheka mwandiko wangu wa kobe, mwalimu aliwaambia, "Huyu hafuti. Nyie mnaandika mbio, mnafuta mbio, mnatoboa karatasi za watu." Kwa neno hilo moja ningemfuata mpaka bara.

Miezi mitatu kabla ya mtihani nilivunja ungo. Nilimwambia mama kwa shida, nimegeukia ukuta. Mama aliuweka chini ukili aliokuwa akiusuka, akajitanda kanga, akaenda kumwita shangazi, dada mkubwa wa baba. Kabla ya alasiri nilikuwa mwali.

Kwa asiyejua mila zetu, mwali huwekwa ndani. Hatoki nje, mwanamume hamwoni, na hasemi kwa sauti. Akitaka kitu hupiga kofi dogo. Hulishwa vizuri, hupakwa mafuta, na somo wake humfundisha mambo ya utu uzima. Hukaa hivyo miezi, wengine mwaka na zaidi, mpaka siku ya kuchezwa ngoma na kutolewa nje, na mara nyingi akitolewa mchumba yuko tayari. Somo huchaguliwa na shangazi. Shangazi yangu alitazama huku na huku, akajichagua mwenyewe.

Lazima niseme kweli: nilipapenda ndani. Kwa mtu mwenye haya kama mimi, nyumba inayokukataza kusema ni nyumba ya raha. Nililala nyuma ya pazia, nikala uji wa nazi, nikasikiliza nyimbo za mafunzo za shangazi, ambazo nyingine zilinifanya nijifunike uso. Jambo moja tu lilinikosesha raha. Kengele ya shule yetu ilikuwa kipande cha chuma cha reli kilichotundikwa kwenye mti, na mlio wake ulifika chumbani. Kila asubuhi kilipogongwa nilijua wenzangu wanakaa, na kwamba mtihani umekaribia siku moja zaidi. Tulipoanza la kwanza tulijaa mabenchi manne. La nne tulikuwa tumebaki tisa. Wengine waliwekwa ndani mmoja mmoja, na hakuna aliyerudi. Nilijua nami sitarudi. Nililia kidogo, bila sauti, kama mwali anavyotakiwa.

Mwalimu hakujua. Kina mama wa ua wake hawakumwambia, kila mmoja akidhani mwenzake amekwisha kumwambia. Basi wiki ya pili akakutana na baba njiani akamwuliza habari zangu. Sasa baba atamwambiaje mwanamke kijana, tena asiyeolewa, mambo ya ndani ya kike?

"Mgonjwa, mwalimu," alisema.

"Pole. Anaumwa nini?"

Baba, kama alivyotusimulia mwenyewe baadaye, alitazama baiskeli yake kutafuta ugonjwa. "Miguu," akasema, akapanda, akaondoka.

Kwetu mgonjwa haachwi bila kutazamwa, na kwao bara pia ni hivyo. Alhamisi iliyofuata, baada ya masomo, mwalimu aliwapanga wenzangu wanane mstari mmoja, akawapa kikapu cha machungwa, yeye mwenyewe akachukua chupa ya dawa ya kuchua, wakaja. Nilisikia kila kitu kutoka nyuma ya pazia.

"Hodi hapa!"

"Karibu," shangazi akajibu. "Nani mwenzangu?"

"Mwalimu. Shikamoo, mama. Tumekuja kumtazama mgonjwa wa miguu."

"Marahaba. Mgonjwa wa nini?"

"Wa miguu."

"Ya nani?"

Wenzangu walikuwa wanajua. Nilisikia mmoja anacheka kwa kujizuia, kisha wote. Mwalimu alidhani wanacheka kwa woga, kwamba hali ni mbaya na yeye anafichwa. Hakungoja tena. Aliingia moja kwa moja, akafunua pazia, akaniona nimekaa mkekani, nimenenepa, nang'aa mafuta, miguu yangu yote miwili mizima. Akaniita kwa jina langu la darasani.

"Naam, mwalimu!" nikajibu. Kwa sauti kabisa, na nikasimama.

Hata kuku wa uani nadhani walinyamaza. Mama alishika kichwa. Shangazi alikuja polepole, akasimama kati yetu, mikono kiunoni.

"Mwalimu, umemsemesha mwali."

"Mwali?" Mwalimu alinitazama, akamtazama mama, akaitazama chupa yake ya dawa. Akaelewa. "Loo! Nisameheni. Sikuambiwa."

"Pengine kwenu si kitu. Hapa ni kosa, na kosa lina kazi yake. Aliyemsemesha mwali humtumikia somo siku nzima. Na somo ni mie."

"Nitatumika. Nitwange?"

"Watu wa kutwanga ninao. Macho yako mazuri?"

"Mazuri."

"Basi keti hapo."

Mwalimu aliwarudisha wenzangu nyumbani, akaketi. Shangazi akaenda kwake, nyumba ya pili, akarudi na kasha dogo. Ndani yake zilikuwamo barua saba za mwanawe wa pekee, aliyekwenda Tanga kufanya kazi katika mashamba ya mkonge. Barua hizo zote alikuwa amekwisha kusomewa, tena barazani mbele za watu, na mzee mmoja wa mtaani aliyekuwa akiwasomea na kuwaandikia wote wasiojua. Kila barua mzee aliishika mbali na uso, akakohoa, akasoma: "Mwanao mzima, anakusalimu, kazi ni ngumu, wasalimie wote." Na kila mara shangazi alimwambia ajibu: sisi wazima, twakusalimu.

"Jambo moja hunisumbua," shangazi alisema. "Hii nene, hii nyembamba. Mbona zote zinasema maneno yale yale?"

Mwalimu alianza na ya kwanza. Alisoma kwa sauti ya chini, ya watu wa chumba kile tu, na nadhani hilo ndilo lililomgusa shangazi kwanza, kwamba barua inaweza kusomwa bila baraza nzima kusikia. Ya kwanza kweli ilikuwa salamu. Ya pili ilieleza homa na jinsi alivyouguzwa. Katika ya tatu alikuwa ameoa. Shangazi alisema, "Ameoa nani?" kana kwamba mwalimu ndiye mwozeshaji. Katika ya tano amepata mtoto, wa kike, na amempa jina la mama yake mwenyewe, yaani shangazi. Ya saba ilikuwa nene, ilihitimisha hivi: mama, nimekuandikia habari ya mjukuu wako mara tatu na wewe hunijibu ila salamu, kama umenikasirikia nambie.

Shangazi alikuwa mwanamke wa maneno mengi, mwenye jibu la kila mtu. Siku ile aliuma pindo la kanga yake. Mwisho akauliza, "Mtoto huyo sasa yukoje?"

"Kwa hesabu hii, anatembea," mwalimu alisema. "Anasema pia."

"Soma tena pale pa jina."

Mwalimu alisoma tena. Akasoma mara tatu.

Nilingoja shangazi amtukane yule mzee. Hakumtukana. "Si mwongo," alisema. "Macho yake yamekwisha, naye anaona haya kusema." Kisha akageuka akanitazama mimi. "Na huyu? Angeweza kunisomea hizi?"

"Tangu darasa la pili," mwalimu akajibu.

"Ati nini? Msomaji yumo nyumba ya pili na mie nakwenda barazani!"

Nilitamani mkeka unimeze. Kasha lile nililijua. Barua nilikuwa nimeziona, na siku moja nilikuwa nimesoma mstari wa juu wa mojawapo na kutamani kuendelea. Hakuna aliyefikiri kumwomba mtoto wa kike kusoma barua, hilo ni kweli. Lakini ni kweli pia kwamba nilijua kusoma na sikusema. Haya yangu ilimnyima shangazi mjukuu kwa miaka miwili, kama haya ya yule mzee. Sikuwa na njia ya kuomba radhi bila kusema, basi nilipiga magoti. Sijui kama alielewa.

Hapo ndipo mwalimu alipoleta habari ya mtihani. Alisema zimebaki wiki kumi, na kwamba mimi ni mmoja wa wanaoweza kufaulu.

"Mila ni mila," shangazi alisema. "Mwali hatoki."

"Sibishi, shangazi. Nauliza tu. Mwali akiugua sana, humpeleki kwa mganga?"

"Hupelekwa, amefunikwa."

"Na nyumba ikishika moto?"

"Wee mwalimu, unanizunguka. Nenda zako, kazi yako imekwisha."

Mwalimu alikwenda. Siku mbili shangazi hakuimba. Siku ya tatu, baba alipokuwa anakula chakula cha jioni ukumbini, nilimsikia anaketi karibu naye.

"Mwanao atakwenda mtihanini. Nitamfunika, nitampeleka mwenyewe, nitamrudisha ndani."

Baba aliacha kula. "Dada, watu watasema nini?"

"Watasema. Midomo ni yao."

"Kuna watu wameleta maneno ya posa juu ya huyu mtoto. Wakisikia mwali ametembezwa barabarani watarudi nyuma."

"Warudi. Barabara ni pana."

"Dada, bandarini nitacheka na nani?"

"Si wewe uliyesema anaumwa miguu? Basi tunampeleka kutibiwa."

Mama, ambaye mbele ya baba hakuwa na kawaida ya kuingilia, alicheka. Baba akacheka naye, bila kutaka. Hakusema ndiyo, lakini alirudi kwenye chakula chake, na kwetu hiyo ilitosha.

Kuanzia hapo mwalimu alikuja kila alasiri akitoka kuwafundisha kina mama. Mimi sikuruhusiwa kusema, hata naye, kwa sababu shangazi alikuwa amelegeza mila mahali pamoja na hakutaka ilegee pengine. Kuandika niliruhusiwa. Hesabu za kichwa nilijibu kwa makofi. Mwalimu aliuliza tatu mara nne, nikapiga makofi kumi na mawili. Aliuliza saba mara nane, nikaanza, na nilipofika arobaini shangazi alipiga kelele kutoka uani, "Mtamvunja mtoto mikono! Ulizaneni hesabu ndogo!"

Siku ya mtihani nilifunikwa kanga tatu, sikuona ila ardhi na vidole vyangu. Shangazi alinishika mkono wa kulia. Kulia na kushoto walitembea kina mama wa ule ua, kumi na zaidi, na vigoda vyao kichwani, kwa sababu walisema hawatasimama kutwa nzima. Nyuma alikuja mama, na vijana wawili wa jirani wamembebea majamvi mapya mawili. Yalikuwa ya mtu wa Kinondoni aliyeagiza. Mama alimtumia salamu kwamba yatachelewa.

Mahali pa muuza kahawa watu walikuwa wamejaa. Mmoja alipaza sauti: "Enyi kina mama, bi harusi anapelekwa shule siku hizi?"

"Anakwenda kujifunza kumwandikia mkeo talaka," shangazi akamjibu bila kupunguza mwendo, "maana wewe huijui hata herufi ya kuanzia!"

Walicheka, na kicheko kilikuwa chetu. Nilikuwa mtoto asiyeweza kukohoa mbele ya watu, na sasa mji mzima ulikuwa unanitazama. Kitu pekee kilichoniwezesha kutembea ni kwamba hakuna aliyeuona uso wangu.

Mtihani ulifanyika katika shule ya wavulana, ng'ambo. Mwalimu mkuu wao, mtu mnene mwenye miwani, alitoka mlangoni akakuta maandamano yetu.

"Hili halikubaliki. Nitajuaje aliyemo humo ndiye?"

"Ingia ndani ya kanga umtazame," shangazi akasema, "kisha ukaseme na baba yake habari ya ndoa."

Yule bwana alirudi hatua moja. Wavulana ndani waliangua kicheko, akawanyamazisha. Mwalimu wetu, aliyekuwa ametangulia na wenzangu wanane, alieleza kwa adabu kwamba nitakaa kwenye kona, nimezungukwa na majamvi, na yeye atasimama karibu.

"Hapana. Wewe ni mwalimu wake. Utamnong'oneza. Lazima awe mtu asiyeweza kumsaidia."

Kisha shangazi akacheka kicheko kikubwa. "Basi ni mie! Sijui hata alifu iko upande gani. Nitamsaidia nini?"

Mwalimu mkuu alifikiri, akakubali. Mama akayasimamisha majamvi, akayafunga kwa kamba za ukili kwenye nguzo na kwenye dirisha, na ndani ya chumba kile kidogo tukabaki sisi wawili: mimi dawatini, shangazi juu ya kigoda, magoti yake yakigusa yangu. Nilifunua uso. Karatasi zilipitishwa kwa juu.

Kwa saa mbili shangazi alinyamaza. Sijawahi kumwona kimya hivyo, hata msibani. Aliifuata kalamu yangu kwa macho, ikienda upande huu, ikirudi mwanzo, ikienda tena. Nilipokata neno alikunja uso. Nilipochovya wino alingoja kama mtu anayengoja chungu kichemke. Niliandika vizuri. Sitasema zaidi, ila niliandika vizuri, na polepole. Kengele ilipogongwa zilikuwa zimebaki hesabu tatu.

Shangazi aliona karatasi ina mahali peupe, akaelewa bila kuambiwa. Akatoa kichwa juu ya jamvi. "Ngojeni kidogo! Huyu mkono wake mzito. Mwacheni amalize."

Nilimsikia mwalimu wetu anakuja. Nilijua atasema ndiyo. Darasani alikuwa ananingoja siku zote.

"Hapana, shangazi," alisema. "Wavulana wameweka kalamu chini. Na yeye aweke."

Nilimchukia. Naandika neno hilo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu chuki hiyo ilidumu wiki nyingi. Njiani kurudi nililia chini ya kanga, na shangazi, aliyedhani nalia kwa uchovu, aliniuliza maswali mfululizo: kwa nini ulilikata lile neno, kwa nini mistari mingine mifupi, ile alama kama jicho la samaki ni nini? Kesho yake alikwenda kwenye ule ua wa alasiri na kigoda chake, akaketi mstari wa mbele.

Majibu yalikuja baada ya muda mrefu. Sikuchaguliwa kwenda bweni. Mwalimu alikuja mwenyewe kutuambia, akaketi mkekani, na safari hii hakuwa na mwavuli.

"Hesabu zile tatu," alisema.

Nilipiga kofi moja. Maana yake ndiyo.

"Lakini nimeiona orodha yote. Wavulana tisa waliopata chini yake wameingia darasa la tano."

Shangazi alikuwa anachambua mchele. Aliuweka ungo chini. "Sema tena."

"Wavulana tisa, chini yake. Wao wamehamia chumba cha pili. Yeye hana chumba cha kuhamia."

"Saa yao ilikuwa moja?"

"Moja. Karatasi moja, kengele moja. Kama ningemwongezea hata dakika tano, leo wangesema tulimpendelea."

Hapo ndipo nilipoanza kumwelewa. Si siku ile ile, maana naelewa pia polepole, lakini hapo ndipo ilipoanza. Watu wengi wamenihurumia maishani mwangu, nami nawashukuru. Yeye alinipima sawa na wengine, na nimekuja kuona kwamba ile ndiyo heshima kubwa niliyopewa utotoni, na kwamba alipoitoa alijua atakayelia ni nani.

Kina mama walikuja kwetu alasiri iliyofuata, kwa kuwa mimi nilikuwa bado mwali na wao walitaka mwandiko wangu. Walikuwa wameamua kumwandikia Bwana Shauri, Mzungu wa serikali aliyekuwa juu ya wilaya yetu, wadai darasa la tano la wasichana wa Temeke. Wao walikaa uani, mimi nyuma ya pazia na daftari.

"Andika," shangazi alianza. "Wewe Mzungu, una binti au huna?"

"Tuanze na salamu," mwalimu alisema.

"Haya. Salamu. Wewe Mzungu, una binti au huna?"

Waliyatoa maneno kwa kasi, wakikatizana, nami sikuweza kusema ngojeni. Nilipiga makofi. Kila nilipopiga walinyamaza wote, wanawake kumi na saba, wakaningoja nifike mwisho wa sentensi. Mpaka leo sijui kama kuna mtu mwingine aliyewahi kungojwa na wanawake wengi kiasi hicho. Barua ilichukua alasiri mbili. Ilisema hatuombi zaidi ya walichonacho ng'ambo ya barabara. Wengi walitia dole gumba. Wanne waliandika majina yao, na shangazi akawa wa tano, ingawa herufi yake ya mwisho ilimzidi nguvu akaimalizia kwenye mkeka.

Miezi ilipita. Mimi nilichezwa na kutolewa, kwa ngoma nzuri, na wale waliokuwa wameleta maneno walipeleka maneno nyumba nyingine. Mwishowe alikuja Bibi mmoja wa Kizungu wa idara ya elimu, akavitazama vyumba vyetu viwili, akasema darasa linaweza kufunguliwa ikiwa patakuwa na chumba. Alisema hivyo kama mtu anayefunga mjadala. Kina mama walianza kuchimba udongo Jumamosi ileile. Walikandika kuta wakiimba nyimbo ambazo mimi nilizijua kutoka ndani, na waliokuwa na aibu waliimba sehemu zisizo na lawama. Wanaume walitazama kwa siku chache. Kisha baba alikuja na fito, amezifunga kwenye baiskeli, akisukuma njia nzima kwa sababu hapakuwa na mahali pa kukaa. Sikumwambia asante. Hatukuwa na desturi hiyo, na mimi nilikuwa mimi. Naiandika hapa.

Tulianza wasichana sita, wawili kati yetu wakiwa wameolewa tayari. Kuta zilikuwa bado mbichi, na upande mmoja wa paa haujafunikwa. Siku ya kwanza baba hakwenda bandarini. Alipanda juu na makuti ya mwisho, na sisi tukawa chini yake na madaftari yetu. Vipande vya makuti na vumbi vilituangukia. Mwalimu alitoka nje, akatazama juu, akamwuliza kama angependa kungoja mpaka tumalize somo.

"Endeleeni tu, mwalimu," baba alijibu kutoka paani. "Nasikiliza."